Ubovu Kwanza, Sifa Baadaye

Asteria Mwashi alikuwa na maringo, na sioni sababu ya kumfichia. Mwanamke aliyenadi mali za watu miaka kumi na moja pale Maili Moja, Kibaha, bila mteja hata mmoja kumrudia na kesi, mwacheni aringe. Wapo wanaoringia nywele za dukani.

Ukumbi wake wa mnada zamani ulikuwa ghala la korosho, kabla baba yake, mzee Mwashi, hajalinunua na kuligawa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mbao: vitanda, meza, makabati, na viti vya ofisi zilizohama. Cha pili kilikuwa cha vyombo na mapazia. Cha tatu cha vyuma, yaani majokofu, vyerehani, jenereta, na mashine nyingine ambazo hata Asteria mwenyewe hakujua zinasaga nini. Ijumaa milango ilifunguliwa asubuhi na watu wakaingia bure kuangalia, kugonga, kuvuta droo na kukalia vitanda vya watu wasiowajua. Jumamosi saa nne kamili Asteria alipanda jukwaani na nyundo ya marehemu baba yake, na mnada ukaanza.

Sasa minada iko mingi, na madalali ndio usiseme. Kilichoutenga mnada wa Mwashi na mingine ni desturi moja aliyoianzisha mzee, watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Dalali wa kawaida akishika kiti kibovu atakisifia mpaka mguu umbakie mkononi. Mzee Mwashi alianza na ubaya. Atakwambia kiti hiki mguu wa nyuma umeonjwa na mchwa, na kimekaliwa na mtu mnene miaka minane, na akishamaliza hapo ndipo atakapokwambia uzuri wake. Ubovu kwanza, sifa baadaye. Maneno hayo aliyapaka rangi ukutani juu ya jukwaa, herufi kubwa za bluu. Na ili dalali aujue huo ubovu, kila kitu kilichoingia mle kilipinduliwa miguu juu kabla ya kubandikwa namba. Kila kitu, hata jokofu.

Watu walimwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, sasa wewe mzee unatangaza ubaya ili iweje? Baada ya miaka michache wafugaji wa Magindu, watu wasiomwamini hata mganga wao wa ng'ombe, walikuwa wakiteremka Maili Moja kununua vitanda bila kuvuta droo wala kugonga ubao. Akishasema Mwashi, imetosha. Heshima hiyo ndiyo aliyoirithi Asteria, na ndiyo aliyokuwa akitembea nayo mabega juu.

Shida ilianza na kabati la marehemu mzee Peter.

Mzee Peter alikuwa mtu wa Moshi, bwana shamba wa serikali, aliyehamishiwa Kibaha akiwa kijana na hakurudi tena kwao isipokuwa kwa Krismasi. Aliwahi kusoma Uingereza mwaka mmoja. Tangu hapo kila mgeni aliyekanyaga sebule yake alionyeshwa kabati, akaambiwa lilikuja naye kwa meli. Alipofariki, wanawe wakakubaliana nyumba iuzwe na vilivyomo vinadiwe. Mkubwa wao, Evance, mfanyakazi wa ofisi moja huko Posta, ndiye aliyelileta ukumbini. Alilisimulia kabati lile kama mtu anayesoma somo kanisani, meli hadi jina, bandari hadi tarehe.

Na kabati lenyewe, jamani, lilikuwa kabati. Lilimzidi mtu mrefu kwa mkono mzima, mninga mtupu, wekundu wake umeiva kwa miaka. Milango miwili imechongwa vishada vya zabibu na majani yake, na ukiifunga inakutana bila kupumua. Asteria alipitisha kiganja juu ya ule mlango, na akili yake ikaondoka. Wabebaji sita waliolishusha walimuuliza walipindue. Ndiyo sheria, walikuwa hawajawahi kuambiwa vingine. Asteria akasema waache, wasije wakaikwaruza vanishi ya watu. Akabandika namba kumi na nne kwa mkono wake mwenyewe.

Msimhukumu haraka. Muda mrefu alikuwa na donge moja moyoni: watu wa Dar wenye pesa zao walikuwa wakiupita ukumbi wake kila Ijumaa wakielekea Morogoro, wala hawapunguzi mwendo. Kwao Kibaha ni mahali pa kununua mahindi ya kuchoma. Akaona sasa amepata cha kuwasimamisha. Akachapisha matangazo, akatuma picha kwenye makundi yote ya simu aliyoyajua: KABATI HALISI LA KIINGEREZA. Na kweli simu zikaanza kulia. Mama mmoja mwenye hoteli ufukweni alisema atakuja mwenyewe, na kwamba kama kabati ni kweli la huko, hatasimama chini ya milioni tano. Asteria hakulala vizuri kwa furaha.

Ijumaa hiyo ukumbi ulijaa kuliko alivyowahi kuona. Magari mazuri yalipangwa hadi barabarani. Katikati ya watu wale akaingia mzee mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, koti limempwaya, na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakuangalia kitanda wala jokofu. Alikwenda moja kwa moja hadi namba kumi na nne, akasimama mbele yake muda mrefu kiasi kwamba Asteria alimfuata, akamwamkia, akamuuliza kama anatafuta kitu.

Mzee aliitikia marahaba, kisha akasema kwa utulivu kabisa kwamba hatafuti kitu, amekuja kukiona alichokitengeneza.

Jina lake Zaidi Pazi, seremala wa Chole, na akawahi kusema Chole ya Kisarawe, wasije wakamdhania mtu wa kisiwani Mafia. Mjukuu wake alimwonyesha picha kwenye simu. Alfajiri akapanda pikipiki hadi Mzenga, akadandia lori la mbao hadi Mlandizi, na huyu hapa. Kabati lile alilitengeneza mwaka themanini na tano. Mzee Peter alimpa picha iliyokatwa kwenye gazeti la Kizungu, akamwambia nataka hili hili. Ile zabibu yenyewe, akasema, alikuwa hajaiona hata siku moja, kwa hiyo alichonga zambarau na kuziamini.

Asteria alizitazama zile zabibu. Kweli zilikuwa nene mno. Lakini dalali hayumbishwi na zabibu. Akamwambia mzee kwa adabu kwamba maneno matupu kila mtu anayo, na kabati zuri hivi baba zake watakuwa wengi.

Evance naye alikuwa pale, amevaa shati la ofisini, anawapokea wageni kama harusi ni yake. Aliposikia, alicheka kwanza. Kisha akakasirika, akasema baba yake hakuwa mwongo, na mzee huyu ametumwa na mtu anayetaka kuivunja bei. Akageuka, akamwona Abdulkadiri anapita, akamwita aje aamue kama fundi.

Hapa inabidi nimweleze huyu Abdulkadiri. Karakana yake iko hapo hapo Maili Moja, ana vijana kumi na mmoja, na vitanda vyake vinakwenda hadi Chalinze. Lakini ufundi aliuanzia Chole, kwa huyu huyu mzee Zaidi, na aliondoka huko kwa kufukuzwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikata tundu la kuchomekea ulimi wa mbao upande usio wake kwenye mguu wa kitanda, kosa moja tu, na mzee akamwambia mbele ya wanagenzi wote kwamba mikono yake inafaa kubeba maji. Mzee Zaidi aliwafundisha wote kwamba yeye tangu ashike patasi hajawahi kukata pasipo pake, na anayekata vibaya mara moja atakata vibaya mara mia. Maili Moja nzima ilikijua kisa hicho, maana Abdulkadiri mwenyewe hukisimulia, tena kwa kucheka. Kicheko chake hakifiki machoni.

Walikuwa hawajaonana miaka ishirini. Abdulkadiri alimwamkia mzee, mzee akaitikia, na hapakuwa na zaidi. Kisha Abdulkadiri akaifungua milango, akaifunga, akaipapasa. Akasema mkono unafanana na wa mzee, ila kufanana si ushahidi, na hataki kusema asichokijua. Alisema haki, hakuna wa kumlaumu.

Asteria akamuuliza mzee kama ana alama yoyote, kitu ambacho mtu asiyelitengeneza hawezi kukijua.

Mzee Zaidi alifungua mdomo, akamtazama Abdulkadiri, akaufunga. Akatoka nje. Asteria alimwona kupitia mlangoni, ameketi kwenye ngazi ya saruji, mikono ile mikubwa imelala magotini. Evance akasema mnaona, njia ya mwongo ni fupi. Mama wa hoteli alikuwa chumba cha pili akipima mapazia kwa pima za mikono, hajui hili wala lile. Asteria angeweza kumwacha mzee pale kwenye ngazi, akarudi kwa wateja wake, na mambo yakaishia hapo. Alikiri baadaye kwamba aliomba kimoyomoyo mzee aondoke.

Hakuondoka. Baada ya robo saa aliinuka, akarudi, akasimama karibu na Abdulkadiri kuliko na mtu mwingine yeyote, akasema: "Lilazeni chali. Chini, mguu wa nyuma wa kushoto, upande wa ndani, mtakuta kiraka cha mkorosho, ukubwa wa kiberiti. Nilikata tundu pasipo pake."

Akaeleza huku akitazama sakafu. Ilikuwa siku ya ishirini na nane ya mfungo, jioni, na alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya sikukuu. Saumu haikumkosesha, akasema, haraka ndiyo iliyomkosesha. Na mzee Peter alikuwa amezihesabu mbao za mninga moja moja, kwa hiyo kuomba nyingine ilikuwa ni kukiri. Kulikuwa na kipande cha mkorosho uani kwake. Akaziba, akapiga msasa, akapaka rangi ya kufananisha, akanyamaza. Mke wake hakujua.

Wabebaji wakalilaza kabati juu ya magunia. Abdulkadiri alipiga magoti, akawasha taa ya simu. Alitafuta kwa macho asione. Akatafuta kwa ukucha, taratibu, mpaka akapata mstari mwembamba kuliko unywele. Akakwangua kidogo na kisu cha mfukoni, rangi ikatoka, na chini yake mbao ikawa nyeupe. Akasema neno moja tu, mkorosho. Akainuka, akajipangusa magoti, akaondoka ukumbini bila kumuaga mtu.

Asteria alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kama angelipindua siku ile ya kwanza, kama sheria ya baba yake ilivyotaka, kiraka kingempita, ila angeona kwamba ubao wa chini ulikuwa na mhuri wa idara ya misitu ya hapa hapa nyumbani, uliofifia lakini unasomeka. Alikuwa ameweka Uingereza kwenye matangazo kwa sababu alitaka iwe Uingereza. Hakuna aliyemdanganya kuliko alivyojidanganya mwenyewe.

Evance alimvuta pembeni. Akamwambia wanaojua ni wao wanne na wabebaji tu, na mzee anaonekana mtu wa kuelewa, apewe chochote arudi kwao. Mama wa hoteli anataka la Kiingereza, apewe la Kiingereza, nani atakufa? Na zaidi ya pesa, akasema, watoto wake wamekua wakisikia habari ya ile meli. Asteria akisema vingine kesho, atakuwa amemwita marehemu mwongo mbele ya watu, na marehemu hawezi kujibu. Sauti ilimpanda hapo, na Asteria alimwonea huruma kweli.

Mzee Zaidi alikuwa amesikia. Akawasogelea.

"Mimi sikuja kutafuta hela," alisema. "Nimekuja jina langu litajwe. Lisipotajwa nitadandia lori nirudi kwetu, sitafanya fujo." Kisha akamgeukia Evance. "Na baba yako, kijana, kwenye meli aliwaongopea watu. Kwenye kabati hakuongopa. Alizunguka Kisarawe nzima miezi miwili akitafuta fundi wa kuiweza picha yake. Aliwakataa saba, akanichagua mimi. Alijua kuchagua."

Asteria akamwambia Evance anaweza kulichukua kabati lake kabla ya mnada, hatamtoza kitu. Lakini likibaki, litanadiwa kama ukuta unavyosema. Evance akayasoma yale maneno ya bluu kama vile ndiyo kwanza anayaona. Akasema afanye anavyojua, ila yeye hatakuwepo ndani.

Jumamosi saa nne kamili ukumbi ulikuwa umefurika. Watu wa Dar walikaa mbele, vibao vyao vya namba mapajani, manukato yao yamejaa chumba. Mama wa hoteli alikuwa katikati yao, ameshamwambia jirani yake pale atakapoliweka. Mzee Zaidi alikaa mstari wa mwisho, koti limefungwa vifungo vyote. Abdulkadiri alisimama karibu na mlango. Evance hakuwemo, alikuwa nje, ameegemea ukuta wa bati. Wote walijua kwamba ni namba kumi na nne waliyoijia, na namba kumi na tatu za kwanza ziliuzwa kwa watu wa Janga na Mlandizi huku Dar ikipiga miayo.

Asteria alikuwa ameamua, lakini kuamua ni jambo moja na kufumbua mdomo ni jingine. Aliwatazama wale watu wa mbele aliowatamani miaka yote. Alijua kwamba atakachokisema kitawatoa, na wakitoka hivi hawatarudi, na watasimuliana njiani kwamba Kibaha walidanganywa. Akashika ukingo wa meza.

"Bidhaa namba kumi na nne," alisema. "Ubovu kwanza. Ubovu wa kwanza si wa kabati, ni wangu. Nilitangaza kwamba limetoka Uingereza. Sikulipindua, na nikawaambia nisichokijua. Kabati hili halijavuka bahari. Limetengenezwa Chole, Kisarawe, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano, na fundi Zaidi Pazi, aliyekaa pale nyuma. Ubovu wa pili, mguu wa nyuma wa kushoto una tundu lililokatwa pasipo pake, likazibwa kwa mkorosho. Mimi nisingeliona. Fundi mwenyewe amelionyesha."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Mzee Zaidi alinyoosha mgongo, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria.

Hapo Asteria akaingia kwenye sifa, na wallahi nakwambieni hajawahi kunadi vile. Aliwaambia habari ya mninga ule na umri wake. Aliwaambia milango haijainama wala kukwaruza miaka karibu arobaini. Aliwaambia hakuna msumari hata mmoja humo ndani, mbao zimeumana zenyewe. Aliwaambia zabibu zile ni zambarau, kwa sababu aliyezichonga alikuwa hajaona zabibu, na bado bwana aliyekaa Uingereza mwaka mzima hakuona tofauti, wala wao waliokuja jana kuzipapasa hawakuiona. Akasema mkono uliofanya haya uliwahi kukosea mara moja, na hata kosa lake mtu unalitafuta kwa ukucha. Alikuwa hajioni tena. Fahari aliyokuwa akiitafuta kwa watu wa mbele ilikuwa imekaa mstari wa nyuma na koti lililompwaya.

Mama wa hoteli aliweka kibao chake chini, akainuka, akatoka. Hakusema neno baya, na hilo liliuma zaidi. Nyuma yake wakatoka wengine saba, wanane. Viti vya mbele vikabaki vitupu, na injini za magari zikasikika barabarani.

Asteria alitangaza milioni mbili za kuanzia. Vibao vikabaki mapajani. Alirudia mara ya pili, na mtu akakohoa. Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba bei ya kuanzia haishuki, na ikiitwa mara tatu bila kibao kuinuka, kitu kinatolewa uani. Alimwona mzee Zaidi anavua kofia, anaikunjakunja mikononi. Jina limetajwa, ndiyo, lakini limetajwa na kukosa wa kulitaka, na hilo ni baya kuliko kunyamaziwa. Asteria akavuta pumzi kuita mara ya tatu.

Abdulkadiri aliinua kibao chake pale mlangoni.

Bi Mwanahalima, mwenye nyumba ya wageni Kisarawe mjini, aliyekuja kutafuta magodoro, akageuka kumtazama, akamtazama na mzee. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba haiwezekani kitu cha Kisarawe kiuzwe Kibaha kwa dau moja, akainua chake. Basi hapo pakachangamka. Laki juu ya laki. Bwana mmoja wa Magindu akaingia kati, akatoka, akaingia tena kwa aibu ya kutoka. Watu waliokuwa vyumba vingine walikuja kuchungulia. Kwenye mlango wa nje Asteria alimwona Evance, ameingia nusu mwili, amesimama na mtu wa Dar aliyechelewa kuondoka. Evance alikuwa anamwambia yule mtu kwamba ni baba yake aliyemtafuta fundi huyu, miezi miwili, akawakataa saba. Alikuwa anaisimulia habari hiyo kama alivyokuwa akiisimulia ile meli, ila safari hii alikuwa akinyoosha kidole kwa mtu aliyepo.

Kwenye milioni tatu na laki moja Bi Mwanahalima alicheka, akalaza kibao. Asteria akaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akagonga nyundo. Haikufika tano. Lakini makofi ya namna ile yalikuwa hayajapigwa mle tangu mzee Mwashi azikwe, na Asteria akainamia karatasi zake ili watu wasimwone macho.

Mzee Zaidi alikuja mbele polepole, watu wakimpisha, wengine wakimpa mkono. Alimpita Asteria, akaenda hadi kwenye kabati, ambako Abdulkadiri alikuwa tayari anawaelekeza wabebaji. Akamwambia kabati lipelekwe kwanza Chole. Atakitoa kile kiraka na kuweka mninga, kazi ya siku mbili, hataki hata senti. Sasa ana muda, na hana haraka.

"Ukikigusa, fundi, nalirudisha mnadani," alisema Abdulkadiri. Alikuwa amempa mzee mgongo, anafunga kamba. "Miaka ishirini nilidhani aliyekata pasipo pake ni mimi peke yangu."

Mzee Zaidi alikuwa hajawahi kumwomba mtu radhi, na waliomjua wanasema hata wakwe zake hakuwaomba. Masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka, kwa hiyo alizungumza kwa sauti kubwa bila kujua, na ukumbi mzima ukasikia.

"Nilikuonea, Abdulkadiri. Nililijua hilo siku ile ile nilipokufukuza. Nisamehe, mwanangu."

Abdulkadiri aliiachia kamba. Aligeuka, akamshika mzee mikono yote miwili, akaiinamia. Asteria alikuwa ameshachukua nyundo kwa ajili ya namba kumi na tano, jokofu lililokuwa linasubiri na wanunuzi wake watano. Akaiweka mezani, akawaacha wamalizane, na watu wote wakangoja.